Mkaguzi Mstaafu na Mifuko Chini ya Macho

Jumatatu, 4 Machi

Nimedhalilishwa kwenye duka la dawa. Nilikwenda na shemeji, mume wa dada yangu, kuchukua vidonge vyangu vya presha. Binti wa kaunta akamkabidhi shemeji pakiti na kumwelekeza polepole: mzee wako ameze kimoja kila asubuhi, usimwache akasahau. Mzee wako! Shemeji amenizidi miaka miwili. Je, alimsahihisha yule binti? Wapi. Alishukuru, akasema atanisimamia.

Nimerudi nyumbani moja kwa moja hadi kwenye kioo cha bafuni. Wachawi wangu nimewaona. Mifuko miwili chini ya macho, imejaa utadhani ya mtu anayehama nyumba. Nimemwita mke wangu aithibitishe. Amesema ilikuwepo hata kwenye picha za harusi. Faraja ya namna gani hii?

Jumanne, 5 Machi

Tangazo limebandikwa kando ya lifti. Uchaguzi wa mwenyekiti wa wakazi wa jengo letu ni Jumamosi ya tarehe 16. Picha za wagombea zitabandikwa hapohapo. Kiti hiki nimekimezea mate tangu nistaafu. Nilikuwa mkaguzi wa shule. Walimu wakuu wakisikia gari langu walijifungia chooni. Jengo hili, lenye taka kwenye ngazi na watoto wanaobonyeza vitufe vyote vya lifti, linahitaji mtu kama huyo.

Jina la shemeji lilishaandikwa. La kwanza. Kwa mwandiko mzuri.

Nimeamua. Mifuko itaondolewa kwa upasuaji kabla ya uchaguzi. Nilipomweleza mke wangu hakucheka, jambo lililoniudhi zaidi. Alisema kama ni lazima, basi nimuulize daktari mambo matatu: amesajiliwa na baraza la madaktari, upasuaji wa aina hiyo ndio aliosomea, na mambo yakiharibika atanipeleka hospitali gani. Akasema baraza wanapokea simu, yeye mwenyewe atapiga. Nikamwambia mtu aliyekagua shule za wilaya nzima hahitaji simu. Nitawakagua mwenyewe. Bila taarifa. Nimeshapiga pasi suti ya kijivu.

Alhamisi, 7 Machi

Ukaguzi wa kwanza. Hospitali kubwa, jengo la zamani. Rangi imebanduka. Benchi la kusubiria lina mguu uliofungwa kwa waya. Daktari kachelewa. Nimeandika.

Alipofika aliomba radhi, akasema ametoka chumba cha upasuaji. Mwanamke mfupi, alama ya kofia bado iko kwenye paji la uso. Akaanza maswali. Nameza dawa gani? Sukari nimepima lini? Nikijikata, damu inachelewa kukata? Nalala vipi? Chumvi je? Baba yangu alikuwa na macho kama haya? Nikampa sifuri kwenye kujiamini. Fundi anayejua kazi anatazama tu, anajua.

Nikamuuliza matokeo yatakuwaje. Akasema kwa kawaida mazuri, mara nyingine si mazuri. Kisha akatoa picha za wagonjwa wake, na miongoni mwao mmoja ambaye ilibidi amrudie kumpasua. Kosa lake mwenyewe! Kanionyesha bila kulazimishwa! Mwalimu mkuu angenionyesha watoto waliofeli ningemhamisha siku hiyohiyo.

Mwisho akasema, "Mzee wangu, kwanza nijue kwa nini pamevimba. Kisu kitakuja baadaye, kama kitahitajika."

Kuhusu tarehe 16, akasema hawezi hata kama ningekuwa nagombea urais. Vyeti vyake vimetundikwa nyuma ya mlango, koti limevifunika. Anaficha nini? Jumla: asilimia thelathini na moja. Amefeli.

Ijumaa, 8 Machi

Huyu sasa ndiye.

Kliniki iko ghorofani, juu ya duka la mapazia. Ubaridi mzuri. Sofa jeupe ambalo ukikaa unasahau shida zako. Muziki laini. Mapokezi kuna binti mwenye uso usio na mstari hata mmoja. Sikuweza kujua kama amefurahi kuniona au la.

Daktari anaitwa Profesa. Hakuniuliza kuhusu presha wala sukari wala baba yangu. Alikaa, akakunja nne, akauliza swali moja tu.

"Unataka uonekane wa miaka mingapi?"

Nikasema arobaini na mbili. Akafikiri. Akasema arobaini na tano ndiyo salama, nisije nikamtia mke wangu wivu. Mtu mwenye busara.

Kwa ajili ya amani ya nyumbani nikayauliza yale matatu. Usajili? Akatabasamu kwa huruma, akasema usajili ni wa madaktari wanaohangaika kutafuta wagonjwa. Alisomea nini? Akanionyesha cheti ukutani, fremu ya dhahabu, lugha nisiyoijua, mihuri mitatu. Muhuri mmoja unaweza kughushiwa. Mitatu? Mambo yakiharibika? Akasema kwake hayaharibiki.

Hivyo ndivyo mtu anavyojibu ukaguzi. Asilimia tisini na nane. Mbili nimepunguza kwa sababu sijawahi kumpa mtu mia.

Jioni mke wangu kapiga simu barazani bila ruhusa yangu. Hawamjui Profesa. Nimemweleza kwamba vigogo hawapangi foleni kwenye madaftari ya watu. Akaniuliza kama najisikia ninavyoongea.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimecheza karata safi.

Shemeji ana kinundu kwenye paji la uso, karibu na nyusi. Kimekuwa kikikua na sasa dada anamsumbua akitoe. Akaja kuniomba ushauri, maana kasikia nimezunguka kwa madaktari. Nikajifanya nawaza. Ningempeleka kwa Profesa angerudi kijana wa chuo, nami ningeenda wapi? Nikampa jina la yule daktari mfupi wa rangi iliyobanduka. Nikamsifia hadi nikaona haya. Bingwa, nikasema. Mikono ya dhahabu.

Shemeji akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniita ndugu. Nikajisikia vibaya kidogo. Baada ya chai ikapita.

Jumanne, 12 Machi

Nimepasuliwa! Naandika kwa kubahatisha, macho yamefungwa nusu.

Mambo mawili madogo. Kwanza, Profesa alimuuliza binti wa mapokezi sindano ya ganzi iko wapi, binti akamjibu kwamba ile ya jana imeisha ila ipo ya juzi. Pili, katikati ya kazi alipokea simu, akaanza kubishana na mtu kuhusu kodi ya pango, mkono mmoja ukiwa bado chini ya jicho langu la kushoto. Nilitaka kulalamika lakini mtu mwenye kisu huwezi kumkatiza.

Mke wangu kanipokea mlangoni. Akaenda kupika uji, akaukoroga kwa hasira hadi jirani akagonga ukuta.

Alhamisi, 14 Machi

Nimetoa bandeji. Jicho la kulia ni zuri, kwa kweli. Miaka arobaini na tano, labda na sita.

La kushoto halifungi. Ukope wa chini umevutwa chini hadi wekundu wa ndani unaonekana, kama mfuko wa suruali uliogeuzwa. Nikifumba macho, moja linatii, jingine linaendelea kunitazama kwenye kioo. Nimempigia Profesa. Akasema ni kawaida, ngozi inajifunza. Nikamuuliza itajifunza lini. Simu ikakatika, nadhani ni mtandao.

Shemeji karudi kutoka hospitali na plasta ndogo kwenye paji. Amesema daktari alimweleza kila kitu mpaka akachoka kusikiliza, akakitoa kinundu bila maumivu, akakipeleka maabara kipimwe wasije wakabaki na wasiwasi. Majibu yametoka salama. Dada kaniletea keki. Sikuweza kuila.

Jumamosi, 16 Machi

Uchaguzi ulifanyika ukumbini chini. Mke wangu alinisihi nisiende, niende hospitali. Nikasema kesho.

Nilipanga hotuba kali kuhusu taka. Nikasimama. Jicho la kushoto likaanza kumwaga machozi kwa hesabu yake lenyewe. Bibi mmoja akatoa leso. Kwa muda nikadhani mambo yamenikalia vizuri, nikaingiza habari za marehemu mama yangu. Lakini jicho lile, kwa kuwa halipepesi, lilikuwa limemkodolea mama wa ghorofa ya tatu. Nikigeuza kichwa lionekane linatazama kwingine, linazidi kumkodolea. Akauliza kwa sauti kwa nini namtazama hivyo. Mume wake akasimama. Nikafupisha hotuba.

Shemeji aliongea dakika chache. Akasema afya yake anadaiwa na mimi, kwamba ndimi niliyemchagulia daktari, kwamba katika jengo hili hakuna mtu mwenye roho nzuri kama yangu. Wakampigia makofi. Yeye!

Kaninyima ushindi kwa kunisifu. Nimepata kura mbili. Mke wangu amekataa kusema kama ya pili ni yake.

Jumapili, 17 Machi

Nimeamka jicho limekuwa jekundu kama pilipili, na kila kitu upande wa kushoto kina ukungu. Nikahisi kama kuna mchanga. Nikaosha. Mchanga haukutoka. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli. Nilifumba jicho zuri ili nijaribu kusoma kalenda ya ukutani. Sikuiona hata kalenda.

Nikataka nipelekwe kwa Profesa. Shemeji akaendesha gari bila kuuliza kitu. Juu ya duka la mapazia hapakuwa na mtu. Mwenye duka akasema wamehama usiku, na wameondoka na sofa lake.

Shemeji akageuza gari. Mke wangu alikaa nyuma na mimi, kanishika mkono, kidole chake kikigongagonga kiganjani mwangu kama anavyofanya watoto wakiumwa.

Yule daktari mfupi aliitwa kutoka nyumbani. Alikuja na kandambili. Hakuniuliza nani amenifanya hivi mpaka alipomaliza kuniangalia kwa taa. Kioo cha jicho kimekauka na kuchubuka kwa kukosa kufunikwa. Alinipaka dawa, akalifunga, akasema ataurekebisha ukope kesho asubuhi.

"Ungengoja hadi Jumanne," akasema, "tungekuwa tunazungumzia jicho moja."

Mke wangu alitoka nje ya chumba. Nilimsikia akilia kwenye korido, na shemeji akimwambia yamekwisha, yamekwisha.

Jumatano, 20 Machi

Upasuaji wa marekebisho umefanyika Jumatatu. Daktari alichukua kipande kidogo cha ngozi nyuma ya sikio, akakishona chini ya jicho. Leo bandeji imetoka. Jicho linafunga. Naiona dripu, naiona saa ya ukutani, namwona mke wangu kajisinzilia kwenye kiti na kiatu kimoja mguuni. Nikabaki kumtazama muda mrefu.

Vipimo vimeonyesha pia kwamba mifuko ilitokana na chumvi na vile vidonge vya presha ambavyo, ikumbukwe, shemeji aliahidi kunisimamia. Daktari kabadilisha dawa. Kasema mifuko yote miwili ingepungua yenyewe.

Ijumaa, 22 Machi

Kesho naruhusiwa kurudi nyumbani. Nimetafakari sana wiki hii, na nataka niandike nilichojifunza nikiwa na akili timamu.

Kosa halikuwa langu. Vigezo vyangu vilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba Profesa alikuwa na ofisi. Mtu mwenye ofisi ana kodi ya pango, na mwenye kodi ya pango hupigiwa simu katikati ya kazi. Na huyu daktari mfupi naye tusimpe sifa kupita kiasi. Nimempa kazi ngumu ambayo hangeipata kwingine, naye amepata uzoefu kwangu. Hajanishukuru.

Ila kuna jambo. Sasa macho yametulia, na leo kwenye kioo cha chooni nimeona kwamba shingo haiendani nayo. Imelegea. Uso wa miaka arobaini na tano juu ya shingo ya kobe. Nimemuuliza daktari, akaniambia nisahau, nipone kwanza, nimwone baada ya mwaka. Maswali yaleyale ya chumvi.

Bwana wa kitanda cha jirani, aliyelazwa kwa sababu ambayo hapendi kuieleza, ananiambia kuna mtaalamu wa shingo. Hana kliniki kabisa. Anakuja nyumbani na begi lake, anamaliza kabla chai haijapoa. Haulizi lolote, hata jina.

Anapatikana Jumatatu. Jumatatu mke wangu yuko kazini.