Sikio la Mwalimu Lindqvist

Jumatatu, 12 Januari

Baridi ya kukata pua! Gari nimeliacha ng'ambo ya uwanja, nikakanyaga theluji hadi mlangoni mwa shule. Delphine Haugen, mwalimu wa darasa la jirani, anaegesha hatua tatu tu kutoka mlangoni. Nafasi hiyo hupewa mwalimu ambaye darasa lake limeshinda shindano la kukatakata maneno marefu ya Kiingereza kuwa silabi. Ameshinda miaka mitatu mfululizo. Mwaka huu, haki ya nani, ni yangu.

Jumanne, 13 Januari

Njama tayari. Watoto wa Delphine hushika kidevu: kikishuka mara moja, silabi moja. Kazi ya kobe! Wangu watatazama sikio langu la kushoto. Nikiligusa, wakate. Tumejaribu "unforgettable": un-for-get-ta-ble. Safi kabisa. Katika darasa zima, mwanafunzi wangu Pakou peke yake ndiye aliyetaka kujua kwa nini tunakata hapo. Nikamwambia neno ni kama samaki: un ni kichwa, able ni mkia, na mengine aliachie sikio.

Alhamisi, 15 Januari

Aibu gani hii! Asubuhi baridi imeniuma sikio huko njiani. Ukumbini kwa shindano, kwenye joto, sikio likaanza kuwasha. Nikavumilia. Nikashindwa. Nikajikuna. "Basketball" watoto wangu wakaikata vipande tisa! Mwalimu mkuu akavua miwani. Delphine akacheka mpaka akashika mbavu.

Ikaja zamu ya Pakou, neno "disagreement". Akanitazama nikijikuna, akafumba macho, akashika kidevu. Dis-a-gree-ment. Dis kichwa, ment mkia, akaeleza mwenyewe bila kuulizwa. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Alama yetu pekee. Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga, nikasahau kwamba tumeburuta mkia.

Ijumaa, 16 Januari

Delphine kaniletea kofia ya sufu. Mwanamke ana roho nzuri, hilo siwezi kukana. Akaniambia, "Orville, ndugu yangu, wewe wafundishe tu. Kidevu kila mtoto anacho."

Maneno ya busara. Nimeyatafakari muda wote wa chakula cha mchana, na kosa langu nimeliona: sikio liko nje, linapigwa na baridi. Februari kuna shindano la kuzidisha namba, na zawadi ni nafasi ya pili kutoka mlangoni. Nitagonga mguu sakafuni. Miguu, angalau, ina viatu.