Klachi Mpya na Mwendo wa Akina Mama

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Harusi ya Mwelu,
Mtaa wa Sofia, Voi.

Dada Loice,

KUH: KUONDOLEWA KWANGU NA PIKIPIKI YANGU KATIKA MSAFARA WA BIBI HARUSI

Nakusalimu kwa heshima zote unazostahili kama mwenyekiti, na kwa zile chache zilizobaki kati yetu kama ndugu wa tumbo moja. Nimepata habari, tena kwa simu ya Katuku wa tenti, kwamba kamati yako imeninyang'anya mimi, mjomba wa bibi harusi, kazi ya kumbeba Mwelu kwenda kanisani Jumamosi ijayo. Eti atapelekwa na Elvis, katika gari analosambazia mikate! Safari hiyo nilimwahidi mtoto akiwa darasa la tatu, ameketi mbele yangu juu ya tangi. Sinyamazi.

1. Mnasema nimeharibu pikipiki. Pikipiki yangu ina silinda nne na nguvu za kuliacha basi la Mombasa likikohoa. Klachi iliyotoka nayo kiwandani ilikuwa inateleza: injini inalia, gurudumu linatafakari. Ndipo fundi Muinde akaniwekea klachi ya mbio, yenye sahani ngumu na springi nzito. Klachi hii haijui mambo ya nusu nusu. Ama imeachia, ama imeshika. Laiti waheshimiwa wetu wangetengenezwa hivyo.

2. Kuhusu mazoezi ya Jumamosi iliyopita. Ni kweli akina mama walikuwa mbele yetu wakicheza kama ilivyo desturi: hatua mbili mbele, moja nyuma, ili bibi harusi afike jua likiwa limepanda. Ni kweli pia kwamba nilipoachia mkono wa klachi kidogo tu, walitufungulia njia haraka kuliko walivyokusudia. Mama Koki, kiongozi wa nyimbo, alinipigia kelele, "Baba Maxwell, unampeleka bibi harusi ama unamwiba?" Swali hilo halikuwa la heshima, na kwa mwendo tuliokuwa nao sikuweza kusimama kulijibu. Tulimkuta pasta bado amevaa kandambili. Leso aliyojitanda Mwelu badala ya shela ilifika baadaye, imeletwa na mtu wa boda boda.

3. Sasa nauliza, kosa ni la nani? Reli mpya ilipofika Voi, hakuna aliyeiambia treni irudi nyuma hatua moja kwa kila mbili. Nimesoma habari za madola mengi yaliyoanguka, na sijaona hata moja lililoangushwa na bibi harusi aliyewahi. Chombo kikiboreshwa, watu hubadilisha mwendo. Kwa hiyo wanaohitaji kuboreshwa ni akina mama. Napendekeza wakimbie kila asubuhi kutoka Sofia hadi stesheni, huku wakiimba. Mama Koki anaweza kuanza na mbio fupi.

4. Akina mama wakishindwa, kanisa lisogezwe. Kutoka kwako hadi pale ni karibu mno. Klachi ya mbio inataka barabara. Harusi ifanyike Maungu, kule kwenye barabara ya Mombasa. Lami imenyooka, na kama ndovu wa Ndara watataka kuvuka, chifu awatangazie mapema.

5. Kanisa nalo likikataa kusogea, pasta asimame kando ya lami. Bwana harusi apakiwe kwenye boda boda yenye afya, tupite naye sambamba. Pasta aulize tukienda. Wao wajibu "Ndiyo" tukirudi. Pete watavishana kwenye kituo cha mafuta.

Nadai nirudishwe msafarani, na Mama Koki aombe radhi mbele ya kwaya nzima. La sivyo, sitaonja pilau yenu. Nitabaki nyumbani nikiipasha injini moto tangu wimbo wa kwanza hadi hotuba ya mwisho, na unajua fika kwamba ukuta wangu ndio ukuta wa kanisa.

Msalimie shemeji Solomon, na mama, na Katuku, hata Elvis na mikate yake. Mama Koki msalimie pia, ila kwa sauti ya chini.

Mimi nduguyo, kwa damu na kwa ubishi,
Reuben Musyimi (Baba Maxwell)

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha Mwelu akaingia. Amesema, "Mjomba, mimi sitaki gari la mikate. Nataka wewe. Lakini nataka watu wa Sofia wanione, mmoja mmoja." Nimempigia Muinde simu, naye anasema klachi yangu ya zamani alishaiuza kwa mtu wa Mboghoni. Basi Jumamosi nitakuja na pikipiki ileile, injini imezimwa, Mwelu amekaa juu, nami nasukuma. Tafadhali mwombe Mama Koki asiimbe haraka. Na ile hatua ya kurudi nyuma waifanye mara mbili, nipate kupumua.