Vitabu vya Uhuru wa Marekani na Posa Yangu ya Ibra

Jamani, leo nimeadhirika. Nimerudi Nizwa sasa hivi kutoka Ibra, huku huku Oman, na uso sina.

Mnajua namtaka Zuwena, dada yake Nasor wa ofisini kwetu. Wazee wangu wangekwenda kuposa wiki ijayo. Leo baba yao, Mzee Khalfan, alitaka kunitazama tu. Mzee alikuwa mwalimu Unguja, na sasa kazi yake kusoma. Nasor akanidokeza kwamba anatafuta mtu wa kumchagulia vitabu juu ya Wamarekani walivyojitoa kwa Mwingereza.

Wachumba wengine huenda na halwa. (Washamba!) Mimi msomi, niliyekaa Marekani miaka miwili kwa gharama ya serikali, nikabeba vitabu vitatu.

Nikafika. Shikamoo, marahaba. Tukaulizana habari za Nizwa, za njia, za mvua, zote njema. Kahawa ikaja na tende. Mzee akafungua vitabu, akaniuliza aanze na kipi. Basi nikageuka profesa (hakuna aliyeniomba).

Nikamwambia aanze na chembamba, chenye habari za kodi na ile chai iliyomwagwa baharini. Mzee akacheka, akasema hao watu wana israfu. Kinene akiache mwisho, vita vitupu. Mzee anafurahi, Nasor ananikonyeza. Pazia la ndani likatikisika, nikajua Zuwena anasikiliza. Nikavimba.

Sasa mimi nimezaliwa Tabora na nimesoma huko huko. Shuleni neno mapinduzi halikutajwa peke yake, lilikuwa na mwenzake, na tuliyakariri pamoja mpaka ulimi ukazoea. Nikakinyanyua kitabu cha tatu, nikasema kwa sauti ya hotuba (bwege mimi!):

"Na hiki, mzee, kitakuonyesha matunda ya Mapinduzi Matukufu."

Ya Marekani, wallahi. Lakini Mzee Khalfan aliyakimbia ya Unguja, akaacha nyumba na shamba, akatoka na kanzu aliyoivaa.

Nasor akasita na dele la kahawa mkononi.

"Matukufu?" mzee akauliza taratibu.

Hapo mwenye akili angeomba radhi akanyamaza. Mimi nikaeleza! Nikasema ni mazoea ya shule tu, na kwamba hata huko Marekani waliokuwa upande wa mfalme walinyang'anywa nyumba zao wakakimbilia nchi ya jirani, yote yamo kitabuni.

"Na hao waliokimbia, mwanangu, nao waliyaita matukufu?"

Huku kwetu mgeni ndiye hutikisa kikombe cha kahawa akishatosheka. Mimi sikutikisa. Mzee alinyoosha mkono akaniondolea kikombe mwenyewe, kisha akamwambia Nasor anisindikize.

Nimeshawasha pikapu, Nasor akanifuata mbio. Nikajua nimesamehewa.

"Baba anasema wazee wako wasijisumbue," akasema, akainamisha macho. "Na anauliza, cha habari za hao waliokimbia, unacho kingine?"

Basi vitabu vimepata nyumba Ibra, mimi nimefukuzwa. Anayetaka kucheka akachekee kwao.