Dawa ya Kunawa Mikono

Melkizedeki aliiona riziki yake kwenye kidole cha muuza ndizi. Alikuwa na mashine ya kupimia sukari, ya mtumba, akaijaribu kwa yule bwana aliyekuwa ametoka kumenya ndizi mbivu. Ikasoma ishirini na mbili, sukari ya kulazwa. Bwana akanawa mikono, ikasoma tano, ya mtu mwenye afya. Mtu mwingine angejifunza usafi. Melkizedeki alijifunza udaktari.

Akanunua koti jeupe. Kila siku ya gulio la Hedaru alitandika meza, akakaribisha watu ndizi ya bure, "umenye mwenyewe, mama, usiogope," kisha akawapima. Waliposhtuka, aliwanywesha unga wa mwarobaini uliokorogwa na sukari guru ili unyweke, akawanawisha kwa heshima zote, akapima tena. Imeshuka! Nasi tunaojiita wajanja wa barabara kuu tulipanga foleni. Yeye mwenyewe kiu ilimtesa kutwa na haja ndogo ilimwamsha usiku, ila lawama zote alilitupia jua la Same.

Ndipo akashuka Bi Hedwiga kutoka milimani, pochi imejaa pesa ya mauzo ya tangawizi.

"Shikamoo, mama. Karibu ndizi."

"Marahaba, mwanangu. Kwetu mwenye kibuyu huonja kwanza, ndipo mgeni anywe. Jipime, unywe, ujipime tena. Nikiona kweli, nanunua ya ukoo mzima."

Ukoo mzima! Melkizedeki akamenya ndizi kwa mbwembwe, akajichoma kidole. Ishirini na nne. Akatabasamu. Akanywa, akanawa, akajichoma tena.

Ishirini na tano.

"Mashine imepata joto," akasema. Akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akachoma mkono wa pili. Mashine ikashikilia neno lake.

"Ongeza dozi, daktari!" tukapiga kelele.

Bi Hedwiga hakucheka. "Una kiu?"

"Sana, mama."

"Marehemu mume wangu alianza hivyo hivyo, mpaka figo zikakataa kazi. Funga meza, twende hospitali."

Daktari wa kweli alimweleza: insulini, homoni ya kuingiza sukari misulini, anayo, tena nyingi. Inabisha hodi kwenye misuli, misuli haifungui, sukari inabaki kwenye damu, na figo zimeanza kuchoka. Melkizedeki, ambaye maneno yake yalifungua kila pochi, aliogopa.

"Tukupime tena, tuhakikishe," muuguzi akasema.

Akainuka kwenda tena bombani kunawa.

"Kaka, si umenawa sasa hivi?"

"Najua, dada," akajibu huku akifungua maji. "Lakini wagonjwa wangu wote walipona hapa."