Kengele ya Shamba

Jumanne, 8 Aprili 2025
Nimewekewa pingamizi. Niliomba hataza ya Kengele ya Shamba, ili uvumbuzi uwe wangu kisheria. Sasa jirani yangu Sostenes, tuliyekua naye Hombolo, anadai ni kitu cha zamani. Wivu mtupu. Kamba zinakatiza shamba zima, zimefungwa makopo yenye kokoto, zote zinakutana kwenye ufito mmoja uliopindwa. Unauachia, makopo yote yanalia, ndege wanauhama uwele. Nani aliwahi kuwaza hivyo?

Jumatano, 9 Aprili
Shahidi wa Sostenes ni shangazi yangu Loisi. Shangazi yangu mwenyewe! Nimempigia, nikamwamkia, nikamwahidi kitenge endapo atasahau mambo ya shamba. Kitenge amekubali. Kusahau amekataa.

Alhamisi, 10 Aprili
Mbele ya afisa wa hataza, Bi Ikram. Ameeleza kwamba kitu kilichokwisha kujulikana hakipewi hataza. Shangazi akasema marehemu baba yangu alifunga makopo shambani, ila kila kopo lilikuwa na kamba yake. Nikashusha pumzi. Hiyo si kama yangu. Sostenes alianza kuangalia viatu vyake.

Kisha shangazi akaongeza kuwa makopo yenyewe yalilia kwa unyonge. Hapo sikuvumilia.

“Shangazi, umesahau. Kamba zote zilikuja ulingoni, pale juu alipokaa kulinda ndege, kwenye ufito mmoja wa mti wa mkole. Baba akiuachia, bonde zima linaitika. Mimi nipo pembeni yake natafuna bua, tamu mpaka linanichana midomo, na yeye anawagombeza ndege kwa Kigogo kama watoto wa jirani.”

Shangazi akajifuta macho kwa upande wa khanga. Sostenes akasema hata kwao, ng'ambo ya korongo, walikuwa wakimsikia. Nilitamani tuendelee hadi jioni.

Bi Ikram akauliza taratibu, “Na huo ufito, ulikuwa umepindwa?”

Nikamwonyesha kwa mikono ulivyopindwa. Akaandika.

Maombi yamekataliwa.

Jumamosi, 12 Aprili
Niko Hombolo kwa shangazi. Tumemzungumzia baba hadi ugali ukapoa. Ndipo nikaonja mlenda, nikaduwaa. Majani yanaanikwa, yanatwangwa, yanakaa mpaka masika mengine bila kuharibika. Ofisi ya hataza haina habari kabisa. Jumatatu asubuhi nawahi mlangoni.

Nimemsihi shangazi asimwambie Sostenes. Akasema mlenda wenyewe kaletewa na mama yake Sostenes.

Basi mama huyo naye asiambiwe.