Okestra ya Chumba na Sebule

(Hotuba ya Mheshimiwa Mkurugenzi wa Idara ya Burudani Tulivu, kama ilivyonakiliwa ukumbini Jumamosi alasiri. Konseti ilitangazwa kuanza saa nane kamili. Mheshimiwa amepanda jukwaani saa tisa na dakika ishirini na mbili. Nyuma yake kuna viti ishirini na viwili vipya, vyote vitupu.)

Mheshimiwa Naibu wa Mheshimiwa ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa uliyetumwa na Mheshimiwa Naibu kuja kutuambia kwamba naye hakuweza kufika. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ni mimi. Mwenyekiti wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi, ambaye ni shemeji yangu, simama shemeji wakuone, asante, kaa. Mama yetu kutoka chuo cha muziki, uliyesafiri kwa muda wa saa sita kuja kumsikiliza binti mmoja tu, na ambaye basi lako la kurudi, nimekumbushwa mara tatu sasa, linaondoka saa kumi na moja. Wakuu wa vitengo, wakuu wa vitengo vidogo, makaimu wa vitengo ambavyo havijaundwa. Wazazi, wadau, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama yupo ambaye sikumtaja, basi ajitaje mwenyewe kimyakimya moyoni. (Makofi ya adabu.)

Ndugu zangu, safari hii ndefu ilianza miaka mitatu iliyopita, nilipoletewa mezani andiko la kurasa mbili na seremala wa mtaa huu, huyu hapa mstari wa mbele, mwenye penseli sikioni. Ombi lake lilikuwa dogo, kama yalivyo maombi ya watu wasiojua ukubwa wa Idara: kwamba binti yake, aliyejifunza fidla miaka sita kwa juhudi zake, apate okestra ya chumba ya kupiga nayo, ili chuo kije kimsikie, na kikimpenda kimchukue. Nikamuuliza, seremala, okestra ya chumba ndiyo nini? Akasema ni okestra ndogo, watu ishirini hivi, wanaoweza kuenea chumbani. Nikamtazama. Nikasema, mzee mwenzangu, hivi watu watatuonaje? Idara nzima, yenye magari na mhuri, ikae chumba kimoja kama mpangaji aliyekimbiwa na mke? Nikachukua kalamu, nikafuta, nikaandika kwa mkono wangu huu: okestra ya chumba na sebule! (Vicheko. Makofi.) Na choo ndani! (Makofi makubwa.) Choo ndani ni awamu ya pili.

Hatukukurupuka. Tulifanya upembuzi yakinifu, tukafuata prosesi, tukapata fidibeki. Asilimia themanini na nne ya wananchi waliohojiwa walisema wanapenda muziki wa nyuzi, na asilimia thelathini na moja wakasema hawaupendi, jumla asilimia mia moja na kumi na tano, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa na idara yoyote. (SEREMALA: Mheshimiwa, hiyo imezidi kumi na tano!) Imezidi, ndiyo, nashukuru umeliona hilo. Tumevuka tageti.

Baadaye likaja suala la solo. Nimeelezwa na wataalamu kwamba kwenye muziki huu kuna watu wanaitwa wapiga solo, ambao wenzao wote wakinyamaza, wao ndio wanaendelea, peke yao, mbele za watu, bila kibali cha yeyote. Nikasema huu ni ubinafsi, na Idara yangu inaamini katika kazi ya pamoja. Kwa hiyo solo aliyopangiwa binti wa seremala tumeihamishia kwenye Kamati Ndogo ya Solo, yenye wajumbe saba, ambayo imeshakaa vikao kumi na vinne, na katika vikao vyote hivyo, nasema kwa fahari, hakuna mjumbe hata mmoja aliyetoa sauti.

Tukatangaza nafasi ya kondakta. Waombaji walikuwa watatu. Wawili walikuja na vijiti vidogo vyeupe, hawana hata leseni, tukawarudisha. Aliyeshinda ana uzoefu wa miaka kumi na moja kwenye basi lilelile atakalorudi nalo mama yetu wa chuo. Yule pale mlangoni, tumempa kiti amekataa, anasema kazi yake ni ya kusimama. (KONDAKTA ananyoosha mkono. Shangwe.) Siku tulipomkabidhi okestra aliniuliza swali moja la kitaalamu sana. Alisema, "Mkuu, abiria wako wapi?" Swali hilo nimelipeleka kwenye kamati.

(SEREMALA: Mheshimiwa, saa kumi na dakika tano!)

Seremala, haraka haraka haina baraka.

(SEREMALA: Na ngoja ngoja huumiza matumbo! Vicheko. Mama wa chuo anatazama saa yake.)

Nakuja huko huko. Kazi kuu ya leo, kama mlivyosoma kwenye ratiba, ni simfonia kutoka Ufini, nchi ya mbali yenye baridi ambako nilikwenda ziara ya mafunzo ya siku tisa, na mengi niliyojifunza nimeyavaa. (Anaonyesha koti.) Kwenye faili letu simfonia hii ya Kifini iliandikwa "simfonia ya finishi", na msishangae, karani naye ni binadamu, ila Idara haikai na faili bila kulitekeleza. Tuliita mafundi wanane wa finishi. Tazameni juu. Tazameni hiyo jipsamu. Tazameni kona zilivyonyooka. (Watu wanatazama dari. Makofi ya kweli.) Nani anathubutu kusema simfonia haijafanyika? Wanasema ina miendo minne, wa haraka, wa polepole, wa kurukaruka, na wa kumalizia. Sisi tumeamua kuanza na ule wa polepole, kwa kuwa tuna uzoefu nao wa miaka kumi na saba.

Sasa niguse jambo zito, na naomba walio na watoto wadogo wawashike. Ni suala la usalama. Katika orodha ya vifaa iliyoambatanishwa na andiko la seremala, kifungu cha pili kinasema: fidla ishirini na mbili. Sawa, hakuna tatizo. Kifungu cha tatu: pinde ishirini na mbili. Pinde! Ndugu zangu, mimi sikupewa kiti hiki ili nisinzie. Nikajiuliza, watu ishirini na wawili wenye pinde, ndani ya chumba na sebule, wamemzunguka mgeni rasmi kwa nusu duara, wana nia gani? Na la pili, ambalo ndilo lililonikosesha usingizi, na linaonyesha uzembe wa aliyeandika: mishale iko wapi? Upinde bila mshale ni hoja ya ukaguzi! (SEREMALA: Mheshimiwa, ni wa kukwaruzia nyuzi! Una manyoya ya mkia wa farasi!) Mmemsikia. Sasa na farasi yumo. Farasi naye hayumo kwenye orodha.

Ndiyo maana leo asubuhi, askari wetu wa getini alipomkuta binti wa seremala anaingia na upinde, alifanya kazi aliyofundishwa: fidla ikapita, upinde ukakamatwa. Hivi ninavyozungumza upo ndani ya kabati la chuma, pale nyuma ya ukumbi, chini ya ulinzi wa mtunza stoo, na kwa mujibu wa fomu namba kumi na tisa hautatoka mpaka uambatane na mishale yake, isiyopungua mmoja.

(BINTI, mstari wa mbele, fidla mapajani: Baba, acha tu. Nitapiga kwa vidole.)

(SEREMALA: Miaka tisa, mwanangu, halafu uje kudonoa kama kuku?)

(MAMA WA CHUO: Binti, mimi natamani, lakini lazima nisikie upinde. Ndio mtihani wenyewe. Na hapa nimebaki na dakika ishirini na tano.)

Naomba utulivu mstari wa mbele. Changamoto zipo, ndizo zinazotufanya tuwepo. Katika kipindi cha miaka mitano ijayo Idara itajenga kapasiti ya kila kaya kuwa na fidla moja na robo. Itafunga nyuzi elfu tisa, na zile zitakazokatika zitahesabiwa mara mbili. Seremala, unakwenda wapi? Seremala, hapa jukwaani hapapandwi bila kuitwa.

(Seremala amepanda. Anageuza kiti kimoja juu chini na kung'oa kijiti kinachounganisha miguu yake.)

Hicho ni kifaa cha Idara!

(SEREMALA: Hakijapokelewa, mheshimiwa. Viti ishirini na viwili, siku kumi na tisa, kila kimoja nimekipima kwa mtu wa kukaa wima na kupiga. Nimekuletea karatasi ya mapokezi mara nne hukuisaini. Basi ni changu, na hiki hapa hakina wa kukikalia.)

Wapiga kamera, msimwonyeshe. Naendelea. Mafanikio mengine ya Idara ni pamoja na (sauti ya kisu kikichonga) ni pamoja na kuongezeka kwa ukimya katika maeneo ya utulivu, kupungua kwa malalamiko baada ya kuondolewa kwa sanduku la malalamiko, na (seremala anakunja ratiba ya konseti, anaichomeka nyuma ya kijiti kama unyoya) na mambo mengine mengi ambayo muda hauniruhusu.

(Seremala ameshuka na kijiti chake mpaka kabatini, nyuma ya ukumbi. MTUNZA STOO, akivaa miwani: Hiki ni nini? SEREMALA: Mshale. MTUNZA STOO: Unaruka? SEREMALA: Fomu imeuliza kama unaruka? Mtunza stoo anasoma fomu, mbele na nyuma. MTUNZA STOO: Haijauliza. Idadi? SEREMALA: Mmoja. MTUNZA STOO: Saini hapa. Mhuri unagongwa. Ukumbi mzima unapiga vigelegele.)

Asanteni, asanteni, naona hotuba imewaingia. Kwa hiyo nihitimishe. Nikisema okestra, mseme chumba na sebule! Okestra! (Sauti ya shemeji: Chumba na sebule!) Nikisema nyuzi, mseme zimekaza! Nyuzi! (SAUTI: Zimenyimwa upinde!) Karibu sawa.

(Saa kumi na dakika hamsini na mbili. Mama wa chuo anasimama, mkoba begani, ameinamisha uso. KONDAKTA, mlangoni: Kaa, mama. Basi ni langu. Haliondoki mpaka nigonge. Mama anakaa.)

Mwisho kabisa, kwa moyo mkunjufu, nimshukuru mhasibu, nimshukuru dereva wangu, niwashukuru mafundi wa jipsamu. Kipekee niwashukuru wanamuziki wote ishirini na wawili wa Okestra ya Chumba na Sebule, kwa nidhamu yao ambayo hata mimi sijawahi kuiona, na ambao tangazo la kuwatafuta litabandikwa Jumatatu, likishapitishwa. Nizishukuru fidla zao, ambazo siku zikiagizwa zitakuwa bora kuliko zote. Niishukuru na simfonia yenyewe, ambayo bado tunaulizia inapatikana duka gani. Asanteni kwa kuhudhuria konseti yetu ya kwanza, na kwa mamlaka niliyopewa naitangaza rasmi kuwa imefungwa.

(Hakuna anayeinuka. Binti amepanda jukwaani, amevuta kiti kimoja kati ya ishirini na kimoja vilivyobaki, fidla iko begani, upinde uko juu ya nyuzi. Anatazama mlangoni. Kondakta anagonga ubao wa mlango mara mbili, kama agongavyo bati la basi.)

(Binti anaanza.)