Nilivyocheza Juu ya Ushahidi Wangu

Jamaa zangu, leo nimeaibika mbele ya mahakama nzima, na mpaka sasa nina hasira.

Mnajua nafundisha informatique, elimu ya kompyuta, Lubumbashi. Mahakama ya Likasi iliniita niwe expert, shahidi mtaalamu, katika kesi ya Mwape, mtunza ghala kiwandani. Kompyuta ya kampuni ilisema waya za shaba zimepungua ghalani kwake. Na kwa kuwa kompyuta haina shemeji wala haina kiu ya bia, wakaisadiki. Mwape akatupwa gerezani.

Nikakagua. Ile mashine husoma karata zenye matundu, moja baada ya nyingine. Mtu wa ofisini alizichomeka karata za waya zilizoingia nyuma ya karata ya kufunga hesabu, kwa hiyo hazikuhesabiwa. Basi. Mpangilio wa karata ndio ushahidi wenyewe. Nikazibeba jinsi zilivyotoka, ndani ya boksi la sabuni, nikakataza mtu yeyote kuzigusa (profesa wa kweli).

Kumbe kabla ya kesi kuna kuimba. Hakimu, karani, mshtakiwa, wote wanakiimbia Chama kinachotawala na kucheza. Mimi nimesimama na boksi langu mikononi. Askari wa mlangoni akanisogelea.

"Citoyen Professeur, weye haupige makofi?"

"Nimebeba preuve, ushahidi wa kesi, citoyen."

"Chama kwanza. Mikono yulu."

Meza ilijaa. Chini sikuthubutu. Nikafanya kama mama zetu wanaotoka shambani Kapolowe: boksi nikaliweka kichwani. Nikapiga makofi. Nikakata kiuno (ndiyo, mimi, na suti yangu ya abacost ya harusi).

Ubeti wa pili, boksi likaanguka. Karata zikatapakaa mpaka chini ya kiti cha hakimu. Nikapiga magoti kuziokota.

"Citoyen, lwimbo haiyaisha," askari akasema.

Nikainuka. Nikacheza juu ya ushahidi wangu, na mahakama nzima ikacheza juu yake pamoja nami. Mwape, na pingu zake, alicheza kutushinda wote. Maskini, alidhani itamsaidia.

Wimbo ulipokwisha, mke wa Mwape aliziokota karata, akazifuta vumbi kwa kitenge chake, akazigongagonga mpaka zikakaa sawasawa kabisa.

"Njo hizi, Prof. Hakuna hata moya imepotea."

Nilitaka kulia.

"Expert," hakimu akasema, "tuonyeshe kosa ya mashini."

"Citoyen Président," nikamjibu hakimu, "karata zimevurugika. Haziwezi kuonyesha kitu tena."

"Nani alizivuruga?"

"Ni mimi."

Akamgeukia karani. "Andika: mashini haikuangusha kitu. Expert njo aliangusha."

Mwape amerudishwa gerezani. Nilipotoka, mkewe alikuwa ananingoja mlangoni. Nikajua nitatukanwa, na ningestahili. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Aksanti, Prof. Weye ulicheza muzuri kwa ajili ya bwana yangu."

Anayetaka kucheka, aende akacheke mbele ya yule mama.